Kasuku Aliyefika Bukini

Kasuku wa John Silver amefika Bukini. Habari hiyo imo waziwazi katika riwaya ya Robert Louis Stevenson, na kwa miaka mingi niliipita kama mtu anavyopita mlango wa jirani aliyekosana naye. Silver anamsifia kijana Jim ndege wake: ni mzee kupita kiasi, amesafiri na maharamia wakubwa, ameiona Bukini, ameiona Malabari, na baada ya hapo ndipo anaanza kuzihesabu bandari za ng'ambo ya Marekani. Bukini kwanza. Hivyo ndivyo wazee wetu walivyoiita Madagaska. Mtu akisimama Msimbati, pwani ya Mtwara, akatazama mashariki, kusini kidogo, kati yake na Bukini hakuna kitu isipokuwa Ngazija na ndugu zake watatu: Mwali, Nzwani na Maore.

Nilikutana na hadithi hii mara mbili, na mara zote mbili ilinijia kwa lugha isiyo yake.

Mara ya kwanza nilikuwa darasa la sita, Mtwara, mwaka 1982. Kitabu kilikuwa Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929. Nakala yetu ilikuwa imepoteza jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo tulianzia pale ambapo yule baharia mzee keshahamia nyumba ya wageni ya wazazi wake Jim na anadai pombe. Jina la Robert Louis Stevenson hatukuliona popote. Tulidhani hadithi ni ya kwetu. Mwenzangu mmoja aliapa kwamba kisiwa chenyewe ni Songosongo, kwa sababu babu yake alipokwenda dago huko alikuta mbuzi wasio na mwenyewe, na katika kitabu kuna mtu aliyeachwa peke yake kisiwani akaishi kwa kula mbuzi. Ushahidi ulitutosha. Tulibishana tu kuhusu nauli.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1996, Maskati, sebuleni kwa mtoto wa mama yangu mkubwa. Familia yao ilitoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka na milango ya Omani kufunguka kwa waliokuwa na asili huko. Yeye alikulia Ruwi, Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu cha shuleni. Alasiri moja ya joto alitoa mkanda wa video uliochakaa akaniambia, "Kaa hapa, kaka, nikuonyeshe mtu aliyenilea." Kwenye kioo likatokea jitu la mguu mmoja, nywele timtim, bega limebeba kasuku, likicheka kicheko cha kutikisa kuta. Lilisema Kiarabu fasaha, kile cha wasoma habari. Ilikuwa Jazirat al-Kanz, katuni ya Kijapani ya hadithi ileile ya darasa la sita, iliyotiwa sauti za Kiarabu kule Lebanoni. Sauti ya Silver ni ya Wahid Jalal, mwigizaji wa Beirut, na ukimtajia jina hilo Mwarabu yeyote aliyekuwa mtoto katika miaka ya 1980, ataacha anachofanya aigize kile kicheko.

Bara tulikuwa hatujui. Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Omani walizindua yao Novemba 1974, lakini Tanzania Bara tulingoja hadi 1994. Watoto wa Mtwara wa rika langu walilelewa na redio, na baadaye na vibanda vya video, ambamo mtu mmoja mwenye kipaza sauti aliwasemea waigizaji wote, wa kike kwa wa kiume, na kuongeza matusi yake mwenyewe. Sijutii. Ila nilipomwona Silver yule nilitamani ningemjua nikiwa na umri wa Jim.

Katuni hiyo kwa Kijapani inaitwa Takarajima: takara ni hazina, jima ni kisiwa. Ilitengenezwa na studio ya Tokyo Movie Shinsha, chini ya mwongozaji Osamu Dezaki, na wahusika wakachorwa na Akio Sugino, mwenzake wa siku nyingi. Sehemu ya kwanza ilirushwa Jumapili, tarehe 8 Oktoba 1978, na ya 26, ambayo ndiyo ya mwisho, Jumapili ya tarehe 1 Aprili 1979. Nilipozitazama tarehe hizo nilisisimka. Mwishoni mwa Oktoba ileile majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na siku kumi baada ya Silver kuwaaga watoto wa Japani, Kampala ilianguka. Jumapili zile zote wao walipokuwa wakingoja kujua Jim atapona vipi, sisi tulikaa sikio redioni tukingoja taarifa ya vita. Kila nchi na mfululizo wake.

Dezaki alikuwa na mchezo wake ambao wapenda katuni wote wanautambua. Jambo likifika kileleni, mtu kachomoa kisu au kasikia neno la kumvunja moyo, picha inasimama. Inageuka mchoro kamili wa rangi zilizopakwa kwa mkono, kama ukutani, na inakaa hapo mpaka moyo wako uifikie. Katika Takarajima mchezo huo mara nyingi unamwangukia Silver. Riwaya inamwogopa mtu huyu hata pale inapompenda. Mwisho anatoroka na mfuko wa fedha, na msimulizi anafarijika kuachana naye. Dezaki hakukubali. Alimpa Jim chui mdogo wa kufuga, Benbow, ili watoto wadogo nao wawe na mtu wao, kisha akaigeuza hadithi nzima kuwa ya kijana asiye na baba anayemtafuta mwanamume wa kumtazama, akampata, na mwanamume huyo ni mwizi. Sehemu ya mwisho inaruka miaka mingi mbele. Jim ni baharia mtu mzima, na anakutana tena na Silver. Stevenson hana ukurasa huo. Nathubutu kusema ulikuwa unakosekana.

Niliporudi Mtwara nilianza kumfuata yule mguu mmoja kinyumenyume, kama mtu anayefuata nyayo za kaa mchangani kutoka majini. Wengi hudhani ni mtu wa bahari ya Karibi, kwa sababu filamu zote zimemweka huko. Lakini Silver mwenyewe anasema alianza uharamia chini ya England, na kasuku wake naye alikuwa na England. Huyo England si wa kubuni. Ni Edward England, haramia aliyeingia bahari yetu hii, na pigano lake kubwa lilikuwa Nzwani.

Ilikuwa Agosti 1720, kusi linavuma. Meli ya Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi Mashariki, Cassandra, ilikuwa imetia nanga Nzwani, ambayo Waingereza waliiita Johanna. Meli za Ulaya ziendazo Bara Hindi zilizoea kupumzika hapo kuchukua maji, ng'ombe, ndimu na machungwa, na watu wa Nzwani walikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kuwauzia. Nahodha alikuwa Mskoti, James Macrae. Meli mbili za maharamia zikatokea, moja ya England na moja ya mwenzake Taylor. Bandarini palikuwa na meli nyingine mbili za kumsaidia Macrae. Zikapandisha matanga zikaondoka, akabaki peke yake.

Alipigana kwa saa kadhaa, wanaume wake wakianguka mmoja baada ya mwingine, mpaka meli yake ikapanda mwamba na ya England nayo ikapanda, zikawa zinapigana mizinga zikiwa zimekwama kama ngalawa mbili zilizoachwa na maji makavu. Mwisho Macrae, risasi imemjeruhi kichwani, akaikimbia meli na waliobaki hai wakashika pwani. Walitembea usiku na mchana kilomita arobaini hivi hadi mji wa mfalme. Nyuma yao maharamia waliiteka Cassandra na mzigo wake wa thamani ya pauni 75,000, kisha wakatangaza zawadi: dola 10,000 kwa mwenyeji yeyote atakayemleta nahodha.

Hapo ndipo huwa nasimama, na laiti Dezaki naye angesimamisha picha yake hapo. Dola 10,000 za fedha, katika mwaka 1720, kwa kumkabidhi mgeni mmoja mwenye kidonda. Macrae mwenyewe aliandika baadaye kwamba wapo wenyeji ambao wangeichukua fedha ile, ila walijua mfalme na wakubwa wake wako upande wake. Hakukabidhiwa. Alikaa siku kama kumi, akauguzwa, hasira za baharini zikapoa kidogo, kisha akafanya jambo la ushujaa au la wazimu: akaenda mwenyewe melini kwa maharamia kuomba.

Pale sitahani wakagawanyika. England alitaka kumwachia. Taylor na watu wake walitaka kumuua. Katikati ya kelele akajitokeza mtu mmoja mwenye masharubu ya kutisha na mguu wa mti, bastola zimemzunguka kiunoni kama vishada vya nazi, akiapa kwa sauti na kuuliza yuko wapi Macrae. Nahodha aliona ajali yake imefika. Yule mtu akamshika mkono akasema anafurahi kumwona, kwamba aliwahi kuhudumu chini yake, kwamba ni mtu mwema, na atakayemgusa atapambana na yeye. Jambo likaishia hapo. Macrae akapewa ile meli ya England iliyobomoka na robota 129 za nguo kutoka katika mzigo wake mwenyewe. Septemba, kusi bado linasukuma, akatweka matanga ya viraka akafika Bombay baada ya siku 48, watu wake wakiwa uchi na nusu ya kufa kwa njaa. Miaka mitano baadaye alikuwa gavana wa Madras.

England hakusamehewa huruma yake. Watu wake wakamvua uongozi wakamtelekeza Morisi na wenzake wachache. Wakajiundia kijahazi cha mabao yaliyookotwa, wakavuka hadi Bukini, na huko akafa maskini, akiishi kwa hisani za wengine. Taylor akaendelea. Aprili 1721, yeye na Mfaransa Olivier Levasseur, aliyeitwa La Buse, waliikuta meli ya Kireno Nossa Senhora do Cabo imetulia mbele ya Saint-Denis, kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Dhoruba ilikuwa imeivunja milingoti na kuipokonya mizinga. Ndani alikuwemo aliyekuwa makamu wa mfalme wa Ureno huko Goa, na almasi. Kasuku wa Silver anadaiwa kuwemo katika kuteka meli hiyo ya Goa. Kama alikuwemo, basi England hakuwemo, maana wakati huo keshatelekezwa. Silver alikuwa anachanganya safari, au alikuwa anamdanganya mtoto. Mimi nadhani la pili.

Mambo haya yalichapwa London mwaka 1724 katika kitabu maarufu cha maisha ya maharamia, kilichotiwa jina la Kapteni Charles Johnson. Mwaka 1881 Stevenson alikuwa Braemar, Uskoti, mvua haikatiki. Akamchorea mtoto wa mkewe, Lloyd, ramani ya kisiwa, na ramani ikazaa sura za hadithi, sura moja kwa siku. Kitabu cha Johnson kilikuwa mezani pake: jina la England limetoka humo, na jina la Israel Hands pia. Kuhusu Silver, Stevenson alimtaja rafiki yake, mshairi William Ernest Henley, aliyekatwa mguu na bado akawa na nguvu za fahali. Sina ugomvi na Henley. Lakini mwandishi aliyefungua sura ya England akachukua jina la nahodha na kulipandisha katika riwaya yake, akakutana katika kurasa zilezile na mtu wa mguu wa mti mwenye kutisha na mwenye fadhila kwa wakati mmoja, huyo hakwenda kwa Henley mikono mitupu. Wako wasomaji wengi wa Stevenson wanaoona hivyo, nami ni mmoja wao.

Basi ukiweka njia yote mezani, mambo ni haya. Mtu wa mguu mmoja anatokea Nzwani, mwendo wa siku chache kwa jahazi kutoka Mikindani. Anapelekwa London na kitabu, Uskoti na mvua, Tokyo na televisheni, Beirut na sauti ya Wahid Jalal, kisha anashuka Maskati, katika sebule ya watoto wanaosema Kiswahili. Amezunguka dunia akarudi kwa majirani wa mlango wa pili, na hakuna aliyemtambua.

Lakini kuna kitu alichokiacha njiani. Kisiwa cha Stevenson hakina watu. Yumo yule mmoja tu aliyetelekezwa, mwenye mbuzi wake, naye ni Mwingereza. Kisiwa cha Dezaki ni kizuri zaidi, anga lake zambarau, mawimbi yake yanang'aa, nacho hakina watu. Nzwani ya 1720 ilikuwa na mfalme, na mji, na soko, na wazee waliokaa wakapima dola 10,000 wakaziacha. Katika hadithi nzima ya uharamia ule, wao ndio waliopewa hazina ya kweli mkononi na kuikataa, na ndio peke yao waliofutwa. Hata mimi, mtoto wa darasa la sita niliyedhani kisiwa ni Songosongo, niliwafuta watu wake. Nilijua fika kwamba Songosongo kuna watu. Tuliwatoa tu ili hadithi ikae.

Na kwa watu wa huku, haramia hakuwa na kofia ya pembe tatu. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuja Wasakalava kutoka Bukini kwa makundi ya mitumbwi, wakavipiga visiwa vya Ngazija, wakapanda hadi Mafia na kuuangamiza mji wa Kua, ambao magofu yake yapo mpaka leo kisiwani Juani. Hazina waliyoitafuta ilikuwa binadamu. Mikindani nayo ilistawi kwa biashara hiyohiyo. Livingstone alishuka hapo Machi 1866, baada ya kushindwa kuteremsha ngamia, nyati na nyumbu wake mlangoni mwa Ruvuma, akaelekea bara kwa njia ambayo misafara ya watumwa ilikuwa ikija kinyume chake.

Mwezi uliopita niliamua kwenda kuitazama bahari hiyo kwa macho ya yule kasuku. Nilianzia Mtawanya, upande wa Mikindani, kwa sababu ya jina tu, nikiri wazi: mtu anayefuata hadithi iliyotawanyika aanzie wapi kwingine? Nikarudi mjini, nikakodi bodaboda hadi Msimbati. Dereva aliniuliza naenda kununua kiwanja au kuoga. Nikamwambia naenda kutafuta haramia. Akasema, "Hao wako mjini, mzee."

Njia ya Msimbati inapita Madimba, na Madimba ndipo ulipo mtambo wa kusafisha gesi. Gesi ya ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Ni mwaka uleule niliokuwa nikisoma Kisiwa chenye Hazina kwa nakala isiyo na jalada, na hazina yenyewe iko chini ya mchanga, karibu kiasi hicho. Ilikaa miaka mingi bila kuguswa. Serikali ilipotangaza bomba la kuipeleka Dar es Salaam, Mtwara iliwaka: Januari 2013 maandamano, Mei 2013 moto na risasi, watu wakafa, wanajeshi wakajaa mitaani. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015, kilomita zaidi ya 500. Sitaki kuyafanya haya kuwa mfano wa kitu. Nimepita tu hapo kwa bodaboda, uzio mrefu, mwanga wa moto juu ya bomba, na dereva aliyenyamaza mpaka tukaupita.

Msimbati ni ulimi wa mchanga mweupe na minazi, na mchanga unashuka ghafla kwenye kina. Tangu mwaka 2000 eneo lote hili, hadi mlango wa Ruvuma, ni hifadhi ya bahari. Hapa napo pamewahi kuwa na mtu aliyesoma vitabu vya visiwa akaviamini: Latham Leslie-Moore, Mwingereza aliyestaafu akajenga nyumba yake pwani hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950, alipoona Uhuru wa Tanganyika unakuja, akaitangaza Msimbati kuwa usultani unaojitegemea, akajitungia bendera na kuandikia Umoja wa Mataifa. Uhuru ulipofika, serikali mpya ikamvumilia kidogo, kisha ikamfukuza. Kisiwa bila watu, tena. Vijiji vilikuwepo kushoto na kulia kwake, na yeye aliandika barua New York.

Mpishi wa maji haya ni mkondo. Maji yanayotoka kaskazini mwa Bukini yanasukumwa magharibi mpaka yanagonga bara karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya hapa, na hapo yanagawanyika: mkono mmoja unapanda kaskazini kupitia Mtwara hadi Kilwa na Mafia, mwingine unashuka mlango wa Msumbiji. Kitu kikitupwa baharini huko kina nafasi nzuri ya kufika mlangoni kwetu. Mwaka 1942 vilifika vingine. Baada ya kuishambulia Diego Suarez, ncha ya kaskazini ya Bukini, mwishoni mwa Mei, nyambizi za Kijapani ziliingia mlango wa Msumbiji na kuzamisha zaidi ya meli 20 katika Juni na Julai. Miaka 36 kabla ya Takarajima, Wajapani walikuwa wameshafanya kazi ya England katika maji ya England, kwa chuma badala ya matanga.

Johnson, yule mtafsiri, anastahili maneno kidogo kabla sijamwacha. Alikuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930 kukisanifu Kiswahili, na kamusi yake ilitoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kifo chake. Kabla ya yote hayo alikuwa ameandika maelezo ya Kimakonde, lugha ya mlimani hapa juu yetu. Alijua masikio ya kusini. Kiswahili chake ni cha Kiunguja kilichonyooshwa na pasi, lakini mabaharia wake wanatukana kwa adabu inayochekesha, na ukikisoma kwa sauti unasikia mtu aliyewahi kukaa barazani. Ajabu ni kwamba kitabu cha maharamia cha 1724 kimetiwa jina la Johnson, na kilichotuletea maharamia hao kwa Kiswahili ni cha Johnson mwingine. Uchongaji wa Kimakonde nao umefika Japani kwa njia yake: huko Ise, mkoa wa Mie, Mjapani mmoja mpenda sanaa alianzisha jumba la makumbusho la vinyago vya Wamakonde, mpingo mweusi umepangwa safu kwa safu ng'ambo ile ya bahari. Wao wametupa Silver mwenye nywele timtim, sisi tumewapa mashetani ya mpingo. Bei ya biashara hiyo naiona si mbaya.

Pwani, chini ya kivuli cha mkungu, nilimkuta mzee anashona nyavu. Nikamsabahi, "Shikamoo, babu." Akanitazama mvi, akacheka, "Marahaba, mwanangu, ingawa nawe umeshakaribia." Tukazungumza habari za kusi la mwaka huu, lililochelewa kulala. Nikamuuliza kama kuna wanaokwenda bado Ngazija kwa matanga. Akasema sasa ni mashine, na wengi wanaokwenda hawaagi. Nilitoa simu, nikamwonyesha kipande nilichotumiwa na ndugu yangu wa Maskati: meli ya Hispaniola, Silver kashika kamba kwa mkono mmoja, anapiga kelele kwa Kiarabu. Wajukuu watatu wa yule mzee wakajazana begani pake.

Aliangalia muda mrefu bila kusema. Kisha akaweka kidole juu ya kioo, palepale kwenye tanga la mbele.

"Huyu mguu mmoja ndiye nahodha?"

"Ni mpishi, babu."

"Basi wamwambie nahodha alegeze demani. Kwa upepo huo wa huko nyuma, na tanga limekazwa hivyo, mlingoti hauwezi kukaa." Akarudi kwenye nyavu zake. Baadaye kidogo, bila kuinua kichwa, akauliza kama kasuku alifika salama.